Kafeni Kadogo Kalikozua Mjadala: Watundu wa Kompyuta na Bodi za X570

Haya wadau karibuni, wa nyuma sogeeni mbele viti bado vipo. Leo naongelea mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote vya kompyuta, na hasa za bei kali, zile zinazotangazwa wiki na miezi kabla hazijafika dukani, na zaidi naongelea wale watu wanaozipokea, watundu wa kompyuta, wale wanaokuza picha moja ya bodi mpaka wanahesabu koili moja moja. Wengi wanawaona ni watu wa kulalamika tu, bodi haijatoka wameshaichambua. Mimi nawaheshimu sana hawa watu, naamini ndio wakaguzi wa kwanza wa bodi, na kelele zao zimetuokolea hela nyingi sisi tunaonunua mwishoni. Nitachimba kisa kimoja, cha bodi za X570 za mwaka 2019, vingine nitavigusa tu kwa sababu ya muda.

Twende Taipei, kwenye maonyesho ya kompyuta ya Computex ya 2019. Tarehe 27 Mei Lisa Su, bosi wa AMD, anapanda jukwaani anatangaza prosesa zao za Ryzen za kizazi cha tatu, anaitaja Ryzen 9 3900X, kori 12 kwa dola 499, kipindi ambacho kwa Intel prosesa ya kori 12 ilikuwa inapita dola elfu. Watu wameshapagawa hapo. Pamoja nayo inakuja X570, chipseti mpya, yaani chipu ya kwenye bodi inayounganisha prosesa na vifaa vingine, yenye PCIe 4.0, zile njia za kupitisha data, mara ya kwanza kwenye kompyuta za mezani za watu wa kawaida, kasi ya kila njia inakuwa mara mbili ya PCIe 3.0, maana yake sloti ya M.2 ya kuchomeka SSD iliyokuwa inaishia kama gigabaiti 4 kwa sekunde sasa inaweza kufika karibu 8. Kampuni za Taiwan, yaani ASUS, Gigabyte, MSI, ASRock na Biostar, zikamwaga bodi mezani, nyingi kuliko kizazi chochote cha AMD kilichotangulia, na safari hii sio bodi za daraja la kati tu, ni zile zenyewe za juu kabisa. MSI wakaja na MEG X570 Godlike, ASUS na Crosshair VIII Formula, Gigabyte na X570 Aorus Xtreme, zote hizo zikaishia kwenye dola 699 hivi, na ASRock wakaleta Aqua yenye kipoza maji chake kabisa, bodi 999 tu dunia nzima kwa dola 999 kila moja.

Kwa mtu aliyekuwa shabiki wa AMD miaka yote ya dhiki hii ilikuwa sherehe, maana zamani bodi nzuri za kweli zilikuwa za Intel, upande wa AMD unapewa kilichobaki. Sasa ghafla umewekewa kila kitu mezani.

Halafu watu wakaanza kukuza picha.

Walichokiona ni feni. Kafeni kadogo kamekaa pale chini kulia juu ya chipseti, kwenye bodi za dola mia na hamsini kako, kwenye bodi za dola mia saba kako, karibu kila bodi. Na mjadala wote ukahamia pale. Kori 12 zikasahaulika, PCIe 4.0 ikasahaulika, watu wanaongelea feni, na asiyejua historia akawa anashangaa hawa wamepatwa na nini, kafeni kenyewe si kadogo tu?

Sasa ngoja niwaambie kwa nini. Mwaka 2004 na 2005 kulikuwa na bodi za chipseti ya nForce4 ya Nvidia, enzi za Athlon 64, bodi nzuri sana kwa wakati wake, na nyingi zilikuja na feni ya namna hii hii, ndogo, inazunguka kwa kasi kubwa. Ile feni inaanza na mlio mwembamba kama mbu, baadaye mafuta ya beringi yanaisha inaanza kukwaruza, mwisho inasimama kabisa, na ikisimama chipseti inachemka, kompyuta inaganda ganda bila sababu unayoiona. Watu walitafuta feni za kubadilisha, wengine wakaing'oa wakafunga kipande cha alumini. Baadaye watengenezaji wenyewe wakahamia kwenye mabomba ya shaba, na kwa miaka mingi bodi za kawaida zikaishi bila feni ya chipseti. Kwa hiyo 2019 mtu wa umri fulani akiiona ile feni alikuwa anakumbuka kitu alichokiishi, na kumbukumbu kama hiyo huwezi kuifuta kwa tangazo zuri.

Sababu ya kiufundi ipo na ni ya kweli. Chipseti ya X470 iliyotangulia ilitengenezwa na ASMedia na ilikuwa inakula kama wati 5 au 6 tu, kipande cha chuma kinatosha. X570 AMD waliitengeneza wenyewe, ni ndugu wa ile chipu ya I/O iliyo ndani ya prosesa ya Ryzen yenyewe, imechapwa kwa teknolojia ya nanomita 14, na kwa kuwa inasukuma njia nyingi za PCIe 4.0 ikafika kama wati 11. Wati 11 sio nyingi ukiziweka peke yake. Tatizo ni pale zinapotolewa, na hapa watundu ndio walikuwa na hoja nzito kuliko zote: ile chipu kwenye bodi nyingi inakaa chini kabisa ya grafiksi kadi, kwa hiyo unachukua kafeni kadogo, unakafunika na kadi inayotema wati mia mbili na zaidi za joto, halafu unategemea kavute hewa ya baridi. Wapi sasa? Kuna waliochora mistari juu ya picha kuonyesha kadi ya sloti tatu itaziba feni kiasi gani, na michoro ilikuwa sahihi.

Nawaombeni mfikirie hili kwa mazingira yetu. Mtu wa Dar au Mombasa chumba chake kiko nyuzi 30 na zaidi bila AC, vumbi linaingia kutwa nzima, na unyevunyevu wa pwani upo mwaka mzima. Feni ndogo adui yake ni vumbi. Na ikifa haina saizi ya kawaida ya kuipata dukani, ina umbo lake na skrubu zake, kuirudisha bodi kwa gharama yako mpaka ilikotoka ni safari ndefu na unakaa bila mashine. Kwa hiyo watu wa Ulaya na Marekani walipolalamikia mlio, mimi nilikuwa nafikiria uhai wa ile feni kwetu huku.

Watengenezaji walisikia, na walijibu kabla bodi hazijafika dukani, hiki ndicho kinanifurahisha. ASUS wakajitokeza kusema feni zao ni za Delta, zina beringi nzuri, zimekadiriwa masaa 60,000, hiyo ni karibu miaka saba bila kuzima. MSI wakasisitiza kwamba ya kwao inasimama kabisa joto likiwa chini. Na Gigabyte kwenye Aorus Xtreme wakaonyesha kwamba inawezekana kuishi bila feni, wakatandaza chuma kizito kwenye bodi na kuunganisha chipseti na bomba la joto. Ile bodi ikawa kipenzi cha watu kwa hilo moja, kila mjadala wa feni unaishia kwa mtu kusema chukua Xtreme, ila dola 699, nani ana dola 699 za bodi? Prosesa yenyewe ya kori 12 ni 499.

Tarehe 7 Julai 2019 bodi zikatoka. Na ukweli lazima usemwe, wapimaji wengi walikuta ile feni kwenye kesi iliyofungwa huisikii, feni za kesi na za grafiksi kadi zinaimeza, na BIOS, ile programu ya kuendeshea bodi, zilizokuja baadaye ziliituliza zaidi kwa kuongeza mpangilio wa kimya. Kwa upande wa kelele hofu ilizidi kiasi. Lakini kwa upande wa usanifu nani alishinda? Angalieni kilichofuata. B550, chipseti ya daraja la kati, ilitoka Juni 2020, haina feni. ASUS wakatoa Crosshair VIII Dark Hero mwishoni mwa 2020, ni ile ile bodi yao ya Crosshair VIII Hero, badiliko ambalo kila mtu alilitaja kwanza ni kwamba feni imeondoka. Mwaka 2021 ikaja X570S, kizazi kizima cha bodi ambacho sifa yake kuu ni kutokuwa na feni. Chipseti ile ile jamani! Kwa hiyo uwezekano ulikuwepo, kilichokosekana ni chuma cha kutosha na mtu wa kuamua kukiweka, na mtu huyo aliamua kwa sababu watu hawakunyamaza.

Kuna jambo jingine kwenye bodi hizi ambalo watundu wenyewe huwa wanachanganyikiwa, nalo ni VRM, ule mfumo wa umeme unaoshusha volti 12 kuwa volti moja na kidogo anayokula prosesa. Bodi ikitangazwa tu mtu wa kwanza anauliza fezi ngapi, yaani kazi ya umeme imegawanywa njia ngapi. Aorus Xtreme ilikuwa na fezi 14 za prosesa, kila moja ina uwezo wa ampia 70, ukizidisha ni ampia 980. Sasa Ryzen ya wati 105, hata ile 3950X ya kori 16 iliyokuja Novemba, kikomo chake cha kiwandani ni ampia 140 tu kwa msukumo wa muda mfupi. Ni kukodi Fuso kubeba gunia moja la mkaa. Faida ipo, fezi zikiwa nyingi kila moja inabeba kidogo, joto linakuwa dogo, na mtu anayeovakloki, yaani anayeisukuma prosesa kupita kasi yake ya kiwandani, kwa naitrojeni ya maji atazitumia kweli, lakini mtu wa gemu na kurenda video hahitaji hata nusu yake, na hapo shangwe za watundu zinaweza kumwingiza kijana hasara, anaona wanasifia fezi 14 anadhani bodi ya dola 200 itaunguza prosesa yake. Haiunguzi. Ila sio kila bodi ya bei ya chini ni salama pia, kwenye X570 hizo hizo kuna chache za chini ambazo zilipimwa VRM ikachemka sana kwa 3950X wakati jirani yake wa bei ile ile imetulia kabisa, kwa hiyo hesabu ya fezi peke yake haikuambii kitu, tafuta joto lililopimwa.

Na hili la VRM lina historia yake. Mwaka 2017 Intel walileta X299, jukwaa lao la juu, bodi za mamia ya dola, na zile chuma za kupozea VRM nyingine zilikuwa ni pambo, tambarare, hazina mapezi, zina plastiki na taa za rangi juu. Overclocker wa Kijerumani, der8auer, akatoa video kali mwishoni mwa Juni 2017 akasema wazi kwamba VRM za bodi hizo ni janga, zinachemka mpaka prosesa inapunguza kasi. Mabishano yalikuwa makubwa, wengine wakimwambia anazidisha. Miezi michache baadaye ASRock wakatoa toleo la XE la bodi zao, chuma kubwa zaidi na plagi mbili za umeme wa prosesa. Tangu hapo chuma yenye mapezi ya kweli imerudi kwenye bodi za juu, na mimi nikiiona naijua ilipotokea.

Kisa kingine kifupi. AM4, soketi ya bodi inayopokea prosesa za Ryzen, watu waliahidiwa itaishi mpaka 2020, wakanunua bodi za B450 na X470 kwa imani hiyo. Mei 7, 2020 AMD wakasema prosesa za Zen 3, zile zilizokuja kuitwa Ryzen 5000, zitafanya kazi kwenye chipseti za mfululizo wa 500 tu, yaani X570 na B550, sababu wakataja udogo wa chipu ya BIOS, na hapo B550 hata dukani haijafika. Watu waliwaka. Hasira ile haikuwa matusi tu, kuna waliojibu hoja kwa hoja, kwamba ondoa msaada wa prosesa za zamani upate nafasi, kwamba kuna bodi za B450 zina chipu kubwa tayari. Mei 19, siku kumi na mbili tu, AMD wakageuza uamuzi. Mwaka 2022 hata bodi za mfululizo wa 300, za 2017, zikaruhusiwa Ryzen 5000. Hapa kwetu ambapo bodi inapita mikono mitatu minne kabla ya kufa, uamuzi ule una thamani kubwa mno, leo hii unaweza kuchukua B350 ya mtumba ukaipachika prosesa ya Ryzen 7 5800X3D, ukihakikisha mtengenezaji ametoa BIOS yake na VRM ya bodi inaibeba.

Halafu ikaja AM5, soketi iliyofuata, Septemba 2022, na chipseti yake ya juu X670E. Safari hii AMD walitumia chipu mbili za ASMedia zilizounganishwa mfululizo badala ya moja kubwa, kila moja inatoa joto kidogo na ziko mbalimbali, feni hakuna. Malalamiko yakahamia kwenye bei na yalistahili, Godlike ikafika dola 1,299, Crosshair Extreme dola 999, wakati huo RAM za DDR5 nazo bei juu. Wengi wakagoma, wakabaki na AM4 zao au wakasubiri B650, chipseti ya AM5 ya daraja la kati. Mimi naona walifanya vizuri kusubiri, na ninyi ambao mnaulizia AM5 kila siku nawaambia B650 yenye VRM iliyopimwa inawatosha, ile tofauti ya hela wekeni kwenye grafiksi kadi.

Nimemaliza upande wangu. Aliyekuja na bodi yake ya X570 iliyoanza kukwaruza aiweke hapa mezani tuifungue tuisafishe feni, wengine anzeni na maswali, wewe wa shati la bluu ulinyoosha mkono tangu mwanzo.