Kamera ya mkanda Kilimanjaro: betri iwe na joto, kamera ibaki na baridi

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa mezani nina Canon AE-1, kamera ya mkanda, yaani ya filamu, iliyoingia sokoni mwaka 1976, na leo tunaiandaa kwa usiku wa kupanda kilele cha Kilimanjaro. Nimeichagua kwa sababu vijana wengi wanaoanza kupiga mkanda wanayo. Tena kamera hii inategemea betri kwa kila kitu. Pentax K1000 au Nikon FM2 ikiishiwa betri, unakosa kipima mwanga tu, picha unaendelea kupiga. AE-1 ikikosa umeme, shata, ile pazia ya ndani inayofunguka kuingiza mwanga, haifyatuki kabisa.

Sogea uone betri yenyewe. Hii ni 4LR44, volti 6, ya alkali. Ndani yake kuna majimaji yanayobeba umeme, na baridi ikiyapata, kazi ya kemikali inapungua kasi. Betri haijaisha, imeshindwa tu kutoa nguvu ya kutosha kwa wakati ule shata inapoihitaji. Ndiyo maana ukiitoa na kuishika kiganjani kwa muda, inaamka tena. Sasa fikiria njia ya Marangu: mnatoka kibanda cha Kibo, mita 4,720, karibu na saa sita usiku, mnapanda gizani mpaka alfajiri. Juu huko nyuzi 10 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na upepo unaongeza makali.

Hatua ya kwanza ni kununua betri inayofaa. Tafuta ya lithiamu, 2CR1/3N, ambayo ina volti 6 zile zile na inaingia humu humu. Lithiamu ndiyo inayostahimili baridi kuliko zote. Ukiikosa, chukua ya oksidi ya fedha, 4SR44. Ya alkali iwe chaguo la mwisho. Vyovyote iwavyo, beba mbili au tatu.

Pili, ipime kabla hujaondoka. Chungulia kwenye kitazamio, kisha bonyeza kitufe hiki cheusi hapa juu. Unaona sindano? Inatakiwa itulie usawa wa alama ya 5.6 au chini yake. Lakini kipimo cha ndani ya kibanda hakitoshi. Iache kamera nje jioni mkiwa bado kambini, halafu pima tena. Betri iliyochoka hujificha kwenye joto na kujulikana kwenye baridi.

Tatu, na hapa naomba umakini wako wote. Watu wengi huificha kamera nzima ndani ya koti, kifuani. Usifanye hivyo. Mwili wa mpandaji unatoa jasho, unyevu unaingia kwenye kamera, na ukiitoa nje lenzi inapata ukungu, pengine ukungu huo ugande. Kamera ibaki nje ya koti, ndani ya mkoba wake, ipoe pamoja na hewa. Kinachokaa na joto ni betri peke yake. Ifunge kwenye kimfuko kikavu, uiweke mfuko wa ndani kabisa, karibu na mwili. Usiichanganye na sarafu wala funguo, chuma kikigusa ncha zake mbili itajimaliza. Usiku ukilala, iingie nawe kwenye begi la kulalia.

Kwa hiyo lazima uweze kuitia betri gizani. Angalia mlango huu mdogo wa mbele: ni wa plastiki, na kikucha chake kinavunjika kirahisi. Usiulazimishe. Jizoeze nyumbani ukiwa umevaa glovu nyembamba, taa imezimwa, mpaka vidole vyako vijue upande wa jumlisha uko wapi. Glovu nene zivae juu ya hizo.

Umeme wenyewe uubanie. Swichi ikae kwenye L, yaani imefungwa, mpaka dakika ya kupiga. Na picha za nyota kwa B, zile za kuacha shata wazi, ziache. Kwa AE-1, shata ikiwa wazi betri inaliwa muda wote huo.

Mkanda nao unataka upole. Kwenye baridi unakakamaa, unaweza kukatika. Vuta mkono wa kusogezea mkanda polepole, bila kushtua. Hewa ya juu ni kavu, na ukivuta kwa haraka umeme tuli unaweza kuruka ndani na kuacha michirizi kama ya radi kwenye picha, ambayo hakuna fundi wa kuifuta. Ukifika picha ya 36, simama, usitafute ya 37. Kurudisha mkanda subiri mpaka mshuke, kama inawezekana. Grisi ndani ya kamera nayo inakuwa nzito, kama mafuta ya nazi asubuhi ya baridi, kwa hiyo ukisikia shata inakokota, usiiamini kasi ya 1/1000, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tumia ya chini kidogo.

Jua likichomoza, barafu inang'aa mno. Kipima mwanga kitadanganyika na barafu itatoka ya kijivu. Bonyeza kitufe hiki cha ubavuni, karibu na lenzi, kinaongeza mwanga hatua moja na nusu. Usipulizie lenzi kwa pumzi, itaganda. Tumia brashi laini.

Mkishuka, kabla hujaingia kwenye kibanda chenye joto, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki na uufunge vizuri. Unyevu utatua juu ya mfuko badala ya juu ya lenzi. Usifungue mpaka kamera ipate joto la chumba. Kusubiri muda wa saa mbili si kwingi. Ukishaifungua, rudisha mkanda taratibu, toa betri, kisha ufute mlango wake kwa kitambaa kikavu.