Udaktari wa biashara na mifumo ya taarifa kwa masafa: ithibati ya nani?

Haya jamani, asanteni kwa kufika, naona wengine mmetoka kazini moja kwa moja hata chakula hamjala, basi tusipoteze muda. Nimeombwa niongelee kutafuta PhD, ule udaktari wa utafiti, au DBA, ule wa kitaalamu wa biashara, kwenye biashara na mifumo ya taarifa kwa njia ya masafa, yaani wewe upo hapa na kazi yako na familia yako, chuo kipo Pretoria, au Florida, au Uingereza. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili, "mwalimu, hiki chuo kina ithibati?" Yaani, kimethibitishwa rasmi kwamba kinakidhi viwango? Na mimi narudisha swali, ithibati ya nani? Maana hata chuo cha mfukoni kitakwambia kina ithibati, na wakati mwingine wala hakidanganyi, kweli kuna taasisi imewapa karatasi, ila hiyo taasisi yenyewe nani anaitambua? Hapo ndo watu wengi wanaliwa hela.

Tuanze na Marekani, matangazo mengi mnayoyaona kwenye simu yanatoka huko. Kule serikali haitoi ithibati kwa vyuo. Kazi hiyo inafanywa na mashirika yasiyo ya serikali, halafu Wizara yao ya Elimu na baraza moja linaitwa CHEA ndo wanayatambua hayo mashirika. Kwa hiyo unakagua mara mbili, kwanza chuo kwa shirika, halafu shirika kwa wizara au CHEA, na wote hao wana orodha zao wazi kwenye intaneti, bure kabisa. Yale makubwa yako machache tu, HLC, SACSCOC, Middle States, WSCUC, na wenzao wa New England na kaskazini magharibi. Zamani yaliitwa ya kikanda na mengine yakaitwa ya kitaifa, huo mgawanyo wizara iliufuta kuanzia Julai 2020, ila maafisa utumishi wengi bado wanauliza vilevile kama zamani kwa hiyo usishangae. Kuna DEAC pia, hili linatambulika na kazi yake hasa ni vyuo vya masafa, lakini mamlaka yake kwenye udaktari yanaishia kwenye ule wa kitaalamu kama DBA, sio PhD ya utafiti, kwa hiyo ukiletewa PhD halafu wanakwambia ithibati ni ya DEAC, simama hapo hapo uulize vizuri.

Na utambuzi wenyewe unaweza kuondolewa. Shirika la ACICS lilikuwa linatambulika miaka na miaka, Agosti 2022 wizara ikalifutia. Ndo maana nasema angalia orodha ya leo, usiangalie ya mwaka alioingia rafiki yako.

Sasa kuna hili la anwani ya tovuti. Watu wanaamini ikiwa na .edu basi mambo safi. Ni kweli tangu mwishoni mwa 2001 .edu wanapewa vyuo vyenye ithibati inayotambulika Marekani, ila waliokuwa nayo kabla ya hapo waliachiwa, kwa hiyo ile ni dalili tu, sio ushahidi. Na Uingereza vyuo vinatumia .ac.uk, kule kuna usimamizi mkali, lakini .ac peke yake bila uk ni anwani ya kisiwa cha Ascension huko Atlantiki, mtu yeyote ananunua. Hebu fikiria mtu ameuza kiwanja kulipia ada sababu tovuti imeandikwa .ac.

Nitawapa mikasa miwili ya kweli ili muone hawa watu wanafika wapi. Wa kwanza ni Saint Regis University, chuo feki kilichokuwa kinaendeshwa kutoka Spokane, jimbo la Washington, miaka ya mwanzo ya 2000. Hawa walijua watu watauliza ithibati, kwa hiyo wakaenda kuhonga maafisa wa kidiplomasia wa Liberia, ili chuo kionekane kinatambuliwa na nchi huru kabisa, na mtu akipiga simu ubalozini anaambiwa ndiyo, chuo hicho tunakitambua. Wamarekani wenyewe ndo waliwavamia mwaka 2005, na 2008 wahusika wakuu wakafungwa, na ikaonekana wamewauzia vyeti watu zaidi ya 9,000 dunia nzima. Wa pili ni Axact ya Karachi, Pakistan, ambayo gazeti la New York Times liliianika Mei 2015, kampuni moja ina mamia ya tovuti, vyuo feki vina majina kama Columbiana na Barkley yanayofanana na yale tunayoyajua, na walitengeneza mpaka mashirika yao ya ithibati, kwa hiyo ukikagua chuo unakuta shirika, ukikagua shirika unakuta tovuti nzuri tu, vyote vinatoka kwa mtu mmoja. Ndo maana nang'ang'ania ile hatua ya pili, orodha ya wizara au CHEA, kule Axact hawakuweza kujiandika.

Haya turudi nyumbani, maana cheti chako hakitasomwa na Wamarekani, kitasomwa hapa. Kila nchi ina mamlaka yake ya vyuo vikuu, Tanzania ni TCU, Kenya ni CUE, Uganda ni NCHE. Hao ndo wanatathmini vyeti vya vyuo vya nje na kusema vinalingana na nini huku kwetu. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa kwao na bado ukapata shida hapa, kwa hiyo kabla hujalipa hata senti, andika kwa mamlaka ya nchi yako, taja jina la chuo, jina la programu, na sema wazi kwamba utasoma kwa masafa, usifiche hilo, halafu omba jibu la maandishi ulitunze. Mnakumbuka Aprili 2017 pale Dodoma, ilipotolewa ripoti ya watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi na kuondolewa kazini? Wale wengi ilikuwa vyeti vya sekondari, lakini ilituonyesha uhakiki unaweza kuja baada ya miaka kumi au ishirini kazini, na siku hiyo hakuna anayekuuliza ulisoma kwa bidii kiasi gani.

Kwa hiyo wapi pa kwenda? Mimi mtu akinifuata namuanzishia karibu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeanzishwa kwa sheria ya bunge ya 1992, kinatoa PhD ya tasnifu, na cheti chake hakihitaji safari yoyote ya utambuzi hapa. Halafu UNISA ya Afrika Kusini, hawa wamefundisha kwa masafa tangu 1946, wana PhD ya mifumo ya taarifa, na wana udaktari wa uongozi wa biashara kwenye shule yao ya Midrand. Kizuri cha Afrika Kusini kila sifa ya masomo ina namba yake kwa SAQA, mamlaka yao ya sifa za masomo, unaitafuta mwenyewe unaiona ipo ngazi ya 10, na ngazi ya 10 ndo udaktari hata kwetu na hata Kenya, inarahisisha mazungumzo. Ukitaka Marekani, Dakota State ni chuo cha umma, ithibati yake ni HLC, na PhD yao ya mifumo ya taarifa inasomeka kwa mtandao. Uingereza kuna Open University, ina hati ya kifalme tangu 1969. Sisemi hivi tu ndo vipo, nasema anza na ambavyo huwezi kubishiwa.

PhD na DBA sitakaa sana. DBA inatatua tatizo la kazini kwa utafiti, PhD inadaiwa mchango mpya kwenye elimu yenyewe. Kama unataka kufundisha chuo kikuu, soma kwanza tangazo la ajira la chuo unachokitamani uone wanataka ipi. Na ile AACSB mnayoisikia ni ithibati ya shule za biashara, shirika lake lipo tangu 1916, ni heshima kubwa, ila haichukui nafasi ya ithibati ya chuo kizima.

Kwenye ada kuwa makini sana. Programu nyingi za Marekani unalipia masomo kwanza halafu unaendelea kulipa kila muhula mpaka tasnifu iishe, kwa hiyo ile jumla kwenye tangazo sio jumla. Uliza wanafunzi wao kwa kawaida wanamaliza miaka mingapi, wakikwepa swali hilo umeshapata jibu.

Na msimamizi wa utafiti wako, jamani, msimamizi. Ithibati inakupa cheti kinachokubalika lakini anayekufikisha kwenye cheti ni huyu mtu. Tafuta alichoandika miaka ya karibuni, msome, muandikie kabla ya kuomba chuo. Akiwa mashariki mwa Marekani, wapo nyuma yetu saa saba au nane kutegemea majira, vikao vyako vitakuwa usiku, panga hilo na nyumbani mapema. Na tafadhali msimpelekee tena utafiti wa watu kukubali teknolojia kwa modeli ya Davis ya 1989, hojaji, watu wa benki, basi. Sisi tuna pesa za simu tangu M-Pesa ianze Kenya 2007, tuna mawakala, vikoba vimehamia kwenye simu, kuna maswali hapo ambayo msimamizi wa Ulaya hawezi kuyaona bila wewe. Ila ukikusanya data hapa chuo chako cha nje hakikupi ruhusa, unahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, kiweke kwenye ratiba yako toka mwanzo.

Kuna dada pale nyuma ameniandikia swali, kwamba yupo mwaka wa pili na amegundua shirika lililokipa chuo chake ithibati halipo kwenye orodha yoyote. Pole sana dada yangu. Usiendelee kulipa, hata kama wamekwambia umebakiza kidogo. Masomo uliyofanya kule sitegemei chuo kingine kiyahesabu, lakini ulichosoma ni chako, andiko lako la utafiti ni lako, na unaweza kuliboresha ukaliombea nafasi chuo kinachotambulika. Njoo na barua zao tukimaliza hapa, tukae tuzisome pamoja, na mwenye swali kama lake asogee pia.