Projekta tano mezani: zitofautishe kabla hujachomeka waya

Karibuni, ndugu zangu, karibuni sana. Tupo mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, meza imejaa. Leo ni projekta za filamu. Siyo hizi za harusi na semina zinazochomekwa kwenye kompyuta, hapana, ni zile za rili, yaani gurudumu la kuzungushia filamu, zinazopiga kelele na kutoa harufu ya vumbi la moto. Mimi nazitengeneza, nauza belti na globu zake, na kusema kweli nazipenda mno. Watu hunipigia simu: "Fundi, nimeona projekta inauzwa, ninunue?" Namjibu kila mtu vilevile: una filamu gani? Filamu ndiyo inayochagua projekta. Ukianza na mashine, utakuja kutoboa kumbukumbu za ukoo ambazo hazina kopi nyingine duniani.

Basi tuanze na filamu. Inusa. Ndiyo, inusa. Ukisikia harufu ya siki, asetati, yaani plastiki ya filamu yenyewe, imeanza kuoza, na joto na unyevu wa pwani yetu huu unaiharakisha. Itenge na nyingine, maana mvuke wake unaambukiza. Tusonge.

Pima upana kwa rula. Milimita 16, hii ya Kodak ya 1923, ndiyo nyingi mtakayokutana nayo hapa nchini: shule, misheni, magari ya sinema yaliyokuwa yanazunguka vijijini. Milimita 8 ni za nyumbani: harusi, watoto ufukweni. Milimita 35 ni ya majumba ya sinema, ya Avalon, ya Empire, na mashine zake ni za kusimama sakafuni, haziingii kwenye meza hii.

Sasa hapa kwenye milimita 8 watu wanaumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mjomba unayerekodi, leta simu karibu. Taa inang'aa kwenye filamu, hawaoni kitu. Pinda. Pinda tena... hapo hapo, usitikisike.

Mnaona vipande viwili? Vyote vina upana wa milimita 8. Huu wa kushoto ni nane ya kawaida, ya mwaka 1932. Matundu ya pembeni ni makubwa, na kila tundu linakaa kwenye mpaka wa picha na picha. Huu wa kulia ni Super 8, ya 1965. Matundu madogo, membamba, na kila tundu liko katikati ya ubavu wa picha. Kwa kuwa tundu limepungua, picha imepata nafasi, eneo lake limekua karibu mara moja na nusu. Rili nazo zinakwambia: ya kawaida ina tundu dogo katikati, ya Super 8 ina tundu kubwa.

Kwa hiyo hii Eumig P8, kazi ya Austria, nzuri, nyepesi, inataka nane ya kawaida tu. Na hii Elmo ST-1200 ya Japani inataka Super 8 tu. Ukibadilishana, kucha inayovuta filamu haiangukii kwenye tundu, inaangukia kwenye picha. Inatafuna picha moja baada ya nyingine huku wewe umekaa kwenye kochi unashangaa kwa nini ukutani kunaruka. Kuna mashine zimeandikwa "Dual", hizo zina swichi ya kuchagua; itazame swichi hiyo kila unapobadilisha rili.

Elmo hii inasoma sauti pia. Filamu yake ina mstari wa kahawia pembeni, sumaku kama ya kaseti. Ina kitufe cha kurekodi, chekundu. Usikiguse, na watoto wasikisogelee. Ukirekodi juu yake, sauti ya bibi imefutika.

Turudi kwenye milimita 16. Matundu pande zote mbili, hiyo ni bubu. Matundu upande mmoja na upande wa pili mstari unaotetemeka, mweusi na mweupe, hiyo ina sauti. Tazama sproketi za mashine, yale magurudumu ya meno yanayosukuma filamu. Zikiwa na meno pande zote mbili, mashine hiyo ni ya filamu bubu. Ukiipa filamu ya sauti, meno yanapiga matundu kwenye mstari wa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Haya, mashine. Bado hatujachomeka. Geuza, soma kibati nyuma. Mjomba, huku. Nitasoma mwenyewe, maandishi yamefifia: volti 120, hetsi 60. Hii ni Kodak Pageant ya Marekani. Sisi umeme wetu ni volti 230, hetsi 50. Kila mtu anakumbuka volti, ananunua transfoma, anafurahi. Hetsi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, anaisahau! Transfoma inashusha volti, haigusi hetsi. Mota inayofuata hetsi, ukiipa 50 badala ya 60, inapungua kasi: picha 24 kwa sekunde zinakuwa 20. Watu wanatembea kama wamechoka na mtangazaji anakuwa na sauti nzito ya ajabu. Dawa yake ni kubadilisha puli. Baadhi ya mashine zinakuja na puli yenye ngazi mbili, unahamisha belti tu. Mota za brashi hazina shida hiyo.

Transfoma nayo isiwe ndogo. Globu za Pageant za zamani ni za wati 750, nyingine 1000, bado mota na amplifaya. Chukua ya wati 2000, usibane pesa hapo. Mashine nyingi za Kiingereza za GB-Bell & Howell zilitoka na transfoma yake kwenye boksi la pembeni, zito kweli. Muuzaji akikupa projekta bila boksi, muulize liko wapi.

Sasa zungusha kwa mkono. Kila projekta nzuri ina kifundo cha kuzungushia. Kwenye Bell & Howell za kujipitisha zenyewe, kama hii, hatua hii ni lazima, kwa sababu ndani kuna gia ya plastiki ambayo ikizeeka inapasuka. Zungusha taratibu, sikiliza. Ikikwama au ikipiga tak-tak-tak, simama, gia imekwenda. Ukiwasha kwa nguvu utasambaza vipande vyake ndani nzima. Gia mpya zinatengenezwa, lakini kuibadilisha ni kufungua mashine karibu yote, kwa hiyo unaponunua mweleze muuzaji na bei ishuke.

Kupitisha filamu. Zipo namna tatu. Pageant ni ya mkono: sproketi ya juu, kitanzi, geti (pale mwanga unapopita kwenye picha), kitanzi, ngoma ya sauti, sproketi ya chini, rili. Michoro imechorwa kwenye mwili wa mashine, fuata. Vitanzi ndivyo roho ya kazi, maana kwenye geti filamu inakwenda kwa kushtuka-shtuka, kwenye sproketi inakwenda mfululizo, na kitanzi ndicho kinachopatanisha. Cha chini kikikosewa urefu, midomo na maneno havioani, kwa sababu sauti imechapwa picha 26 mbele ya picha yake, kama sentimita 20. Fuata mstari uliochorwa.

Bell & Howell hii inajipitisha. Kata ncha ya filamu kwa kikata chake hiki hapa, iwe safi. Bonyeza mkono wa kupitishia, washa mbele, ingiza ncha. Inakunywa yenyewe... inatoka nyuma. Sasa SIMAMA. Kabla ya rili, vuta filamu kidogo mpaka usikie "tak". Mmesikia? Mjomba, ulikuwa umeelekeza kwangu, elekeza kwenye mashine. Narudia. Vuta... tak. Hapo vielekezi vya filamu vimefunguka na kitanzi kimekuwa huru. Usipovuta, filamu inaendelea kusugua vielekezi hivyo, na unatoa mchirizi mrefu wa kijani au mweupe kwenye filamu nzima. Nimeletewa filamu nyingi zenye mchirizi huo, na haufutiki. Vuta, usikie tak. Hujasikia tak, zima.

Kero nyingine ya mashine hii: filamu ikikwama katikati, kuitoa ni kazi. Filamu iliyosinyaa au yenye viungo vibovu haiipendi kabisa. Ndiyo maana mimi, kwa hapa Dar, nachagua hii ya tano, Eiki ya mfereji. Tazama: unafungua mkono, unadondosha filamu kwenye mfereji, unafunga. Basi. Ikileta shida katikati unaitoa sekunde hiyo hiyo, haijaumia. Globu yake ni ya volti 24, wati 250, na si ngumu kuipata. Usiishike kwa vidole, mnajua.

Tuwashe. Funga pazia, mjomba. Shuka jeupe pale. Bell & Howell kwanza, nilishaipitisha na... tak ilishalia, ndiyo. Umeme umeingia... picha ile! Kwenye simu mnaona inapepesa, msihofu, ni shata ya projekta, yale mapanga yanayokatakata mwanga, na kamera kutokwenda pamoja. Kwa macho imetulia kabisa. Filamu ya sauti weka 24. Ya bubu, 16 au 18, na hapo uangalie kama mashine ina shata ya panga tatu. Yenye panga mbili kwa kasi ndogo inaumiza macho.

Ukimaliza, zima globu kwanza, acha feni iendelee dakika kadhaa. Globu ikihamishwa ya moto, waya wake unakatika.

Mwisho belti, maana ndizo mnazoniulizia. Kwenye Elmo zilizokaa muda mrefu belti inayeyuka inakuwa kama lami. Ondoa yote kwa spiriti na pamba za masikio, hata kwenye mfereji wa puli, ukiacha kidogo belti mpya itateleza. Halafu chukua uzi, uzungushe kwenye njia ya belti, ukate zinapokutana ncha, upime kwa rula. Nitumie kipimo hicho, unene wa mfereji, na picha ya kibati cha nyuma. Kufupisha kwa ajili ya mvutano nitafanya mimi, wewe usipunguze.