Sauti Kutoka Mstari wa Mwisho

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, wazazi wenzangu, na nyinyi watoto mliokaa mkekani hapo mbele: mwadila! Asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Nimepewa muda kuanzia sasa mpaka jua lizame. Aliyepanga hivyo ni binti yangu, mtambaji wa hadithi, na ana sababu yake. Mama yangu mzazi, bibi yake huyu binti, alikuwa hakubali hadithi itambwe mchana. Ukimwomba saa tisa alasiri anakwambia, "Utaota mkia." Tulikuwa tunajipapasa nyuma, tukiamini kabisa. Nilipokua nikaelewa kwamba mchana kulikuwa na karanga za kubangua na maji ya kuteka, na mtoto anayesikiliza hadithi hana mkono wa kazi. Lakini mwiko ni mwiko, na binti yangu anaushika. Kwa hiyo mimi leo nawashikia mchana tu. Giza likiingia, mwenye kazi yake ataichukua.

Mwenyekiti ameniandikia mada, "Mzazi na Kipaji cha Mtoto". Nitaizungumza kwa neno moja: kuitikia.

Walimu mnafundisha kwamba katika fasihi simulizi kuna fanani na kuna hadhira. Fanani ndiye mtambaji, hadhira ni sisi tuliokaa. Mtu akiyasikia hayo darasani anaweza kudhani mmoja anatoa na mwingine anapokea, kama kumiminiwa chai. Hebu tuyasikilize maneno yenyewe ya mwanzo. Mtambaji anasema, "Hadithi, hadithi!" Sisi tunajibu, "Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!" Nani kasema "njoo"? Si mtambaji. Yeye amebisha hodi tu. Anayeikaribisha hadithi ndani ni msikilizaji. Hata kwenye "Paukwa" ni vivyo hivyo: pasipo "Pakawa" hakuna kilichoanza.

Mimi nilikuwa gadi wa treni za mizigo. Vijana hamumjui gadi, niwaeleze. Dereva yuko mbele kwenye injini. Gadi yuko behewa la mwisho, peke yake, na bendera zake mbili, ya kijani na nyekundu, na usiku ana taa ya mkono. Injini inaweza kuwa inanguruma na njia imefunguliwa, lakini gadi asipoonyesha kijani kutoka mkiani, dereva hang'oi treni. Tangu reli ilipofika mji huu mwaka 1912, ikasogea hadi Kigoma mwaka 1914, nyumba nyingi za Tabora zimekuwa nyumba za kungoja. Baba yuko Kaliua, baba yuko Uvinza, baba yuko njiani.

Binti yangu alikuwa mmoja wa watoto waliongoja. Usiku mmoja, akiwa na miaka sita au saba, niliingia nyumbani saa nne nikinuka dizeli. Nikamkuta amesimama katikati ya sebule, amejitanda kanga ya bibi yake, inaburuta sakafuni. Akasema, "Baba, hadithi hadithi!" Nikamwambia, "Kesho, mama." Namwita mama kwa sababu ana jina la mama yangu. Akarudia. Nikawa navua viatu. Akarudia mara ya tatu, sauti imeshuka, nami nikaingia chumbani kulala. Sikumkaripia. Nilikuwa nimechoka, na uchovu ule ulikuwa wa halali. Lakini nasema mbele yenu: mtoto alibisha hodi mara tatu, na mwenye nyumba alikuwepo.

Aliyemwitikia ni bibi yake. Mama yangu wakati ule macho yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, haoni zaidi ya mwanga wa mlango. Nataka walimu wa sanaa mlisikie hili, maana ndilo lililomfundisha binti yangu kuliko jingine lolote. Mzee asiyeona huwezi kumvutia kwa kurusha mikono. Fisi lazima asikike ni fisi. Mvua lazima isikike inatoka mbali, inagusa majani kwanza, ndipo inafika bati. Mtoto alikuwa anamtambia bibi hadithi zile zile alizotambiwa na bibi, na bibi anamkatiza: "Huyo fisi wako ameshiba. Mrudie." Anamrudia. Mara nne, mara tano, mpaka bibi acheke, na kicheko cha bibi ndicho kilikuwa cheti.

Baadaye akaenda kusoma chuo cha sanaa Bagamoyo. Wapo walionipa pole. Niliwajibu na leo narudia: babu zetu walitoka hapa Unyanyembe kwa miguu hadi Bagamoyo, pembe za ndovu mabegani. Stanley mwaka 1871, akitokea upande ule wa pwani, alitumia miezi mitatu kufika Kwihara hapo jirani. Wapagazi wale walivuka nyika kwa nyimbo na masimulizi, na Kiswahili kikazoeleka katika mji huu kwa miguu yao. Binti wa Tabora anayeshuka Bagamoyo kujifunza kutamba, kisha akarudi, njia hiyo tunaijua.

Sasa niwaambie ya Jumamosi iliyopita.

Ilikuwa kwenye uwanja wa shule, Kanyenye, chini ya mwembe. Mabenchi yalitolewa madarasani. Nilikaa mstari wa mwisho, kwenye ncha ya benchi, kwa makusudi, asinione akababaika. Giza lilipokolea akatoka. Miguu mitupu, kanga kiunoni, hana kipaza sauti. Mkononi alishika kilindo cha gome, kile ambacho mama yangu alikuwa anahifadhia mbegu za karanga. Nilikitambua kwa kifuniko, kimeshonwa upya upande mmoja kwa uzi wa katani, na aliyekishona ni mimi.

Akakiweka chini taratibu. Akanyamaza. Akatutazama, benchi kwa benchi, kama mtu anayehesabu kuku wake jioni. Ndipo akasema, "Hadithi, hadithi!"

Mwitiko ulikuja mwembamba. Watu hawakuwa wabaya, wengi walikuwa wamempenda tangu alipotokea. Ila mikono ilikuwa imeinua simu kumpiga picha, na mkono ukishika simu, mdomo nao husahau kazi yake. Yeye hakugomba. Hakusema "sijawasikia", kama wasemavyo washereheshaji. Alingoja. Kungoja mbele ya watu mia na zaidi ni jambo zito. Mimi kifua kilikuwa kinanidunda. Akarudia: "Hadithi, hadithi!"

Ikanitoka. Sikuipanga. Ilinitoka ile sauti niliyokuwa natumia stesheni usiku kumfikia dereva aliye mabehewa ishirini mbele: "HADITHI NJOO! UONGO NJOO! UTAMU KOLEA!" Watu wakageuka. Mtoto mmoja aliyekuwa amesinzia akaamka. Binti yangu hakugeuza shingo, lakini niliyaona mabega yake yakishuka, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema mara ya tatu, na safari hiyo uwanja mzima uliitika mpaka popo wakatoka mwembeni.

Akatamba hadithi ya ndege wa asali. Wenyeji wa misitu yetu mnamjua. Ni ndege mdogo, hana rangi ya kujivunia, anakuja karibu na mtu, analia, anaruka mti wa mbele, anageuka kuangalia kama unamfuata. Anakupeleka penye nyuki. Wewe una moshi na shoka, yeye hana. Yeye anajua mti ulipo, wewe hujui. Ukishavuna unamwachia masega, kwa sababu yeye anakula nta. Wasomi nao wamemfuatilia. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanyika Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, kwa Wayao wanaorina asali. Wayao wana mlio wao maalumu wa kumwita. Mlio huo uliporekodiwa na kupigwa porini, ndege aliwaongoza watu karibu mara mbili ya ilivyokuwa kwa sauti nyingine zilizojaribiwa. Nimelileta hilo hapa kwa sababu huyu ni kiumbe wa porini, hafugwi na hajafundishwa na mtu, naye pia anangoja kuitikiwa.

Katika hadithi, kuna mrina asali aliyechoka kuitikia. Anamfuata ndege kimyakimya, anavuna, anafunika kilindo, anaondoka bila kuacha sega. Siku nyingine ndege anamwita tena, anamfuata, na safari hii anaongozwa kwenye pango lenye simba. Kuna wimbo pale katikati, wa Kinyamwezi, ndege anamsihi mrina amjibu. Sitauimba, mnaona wenyewe mwanga bado upo.

Mrina alipofika mdomoni mwa pango, binti yangu akashusha sauti mpaka tukainama mbele kumsikia. Na hapo hapo, kutoka upande wa stesheni, treni ya mizigo ikapiga honi. Ndefu. Honi ile naijua, ni ya kivuko cha barabara. Moyo ukanishuka, nikasema basi, imemharibia. Yeye aliinua kidole kimoja juu, akafumba macho, akaiacha honi ilie mpaka mwisho, mpaka mwangwi ukaisha. Akafumbua macho, akatuuliza polepole, "Mmemsikia anavyonguruma?"

Watoto walipiga kelele wakarukia mapajani mwa mama zao. Watu wazima pia, nami nimo. Dereva yule, popote alipo leo, hajui kwamba Jumamosi alikuwa simba.

Wazazi wenzangu, hili haliwezekani kwenye kitu kilichorekodiwa. Sisemi kwa kudharau. Kizazi changu kililelewa na kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania, sauti ya Deborah Mwenda, na tulikuwa tunaikimbilia redio kama tunakimbilia chakula. Tuliiitikia ile redio kwa nguvu zote. Nashukuru kwa kila jioni ile. Lakini redio haikujua kama tumeitika au tumelala, na treni ikipita yenyewe iliendelea. Mtambaji aliye mbele yako anakuona. Ukikunja uso anajua. Mtoto wako akitaka kulia, anamfupisha simba. Jumamosi alimfupisha, mimi niliona, kwa sababu ya mtoto mmoja wa mbele aliyeanza kutetemeka mdomo.

Nawaomba jambo dogo, na naliomba kwa uzito. Mtoto wako akisimama katikati ya sebule akakuambia "hadithi hadithi", mjibu. Hata kama hadithi yake haina kichwa wala miguu. Hata kama umetoka shifti. Kaa chini kwanza, viatu vitavuliwa baadaye. Na ukija mahali kama hapa, simu iweke mfukoni walau mpaka mwanzo uishe.

Baada ya kumaliza, watu walimzunguka, wakampongeza, wengine wakamtunza noti. Nilibaki kwenye benchi langu. Akapita katikati yao akaja, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, baba." Nikamjibu, "Marahaba, mama." Akakaa kando yangu kwenye ncha ya benchi, jasho bado linamtiririka, kilindo mapajani. Tukakaa hivyo. Baadaye akasema, "Nilikusikia, baba. Tangu ile ya kwanza nilikuwa nangoja sauti moja tu."

Nilitaka kumwomba radhi kwa usiku ule wa kanga inayoburuta. Maneno yalinikwama. Nikakipokea kilindo, nikakifungua, nikanusa ndani. Harufu ya karanga ipo mpaka leo.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na mimi naona huko nyuma yenu taa za stesheni zimeshawashwa. Jua limekwenda. Mama, njoo, sehemu yako hii hapa. Watoto, sogeeni mbele, mwachieni nafasi apite. Mimi narudi mstari wa mwisho.