Mashapo: andika jina kabla ya kumimina

Sogeeni karibu, wanangu. Glasi hii ina mrututu, ule wa buluu ambao wakulima wa kahawa wanaufahamu kwa kupuliza dhidi ya magonjwa. Hii nyingine ina magadi, nimeyaloweka na kuyachuja. Zote mbili ni angavu, unaona hadi ng'ambo. Sasa namimina. Tazameni pale tone linapoangukia: mabonge laini ya buluu iliyokaribia kijani, kama maziwa yaliyokatika. Vipovu vichache vinapanda, mabonge yanashuka taratibu. Hayo ndiyo mashapo.

Je, tungeweza kuyajua kabla? Ndiyo, kabisa. Mrututu ni salfeti ya shaba. Magadi kwa sehemu kubwa ni kaboneti ya sodiamu. Ndani ya maji shaba imeshaachana na salfeti, na sodiamu imeshaachana na kaboneti; tukichanganya, ndoa mpya zinazowezekana ni mbili tu. Sodiamu na salfeti? Chumvi za sodiamu, potasiamu na amoniamu huyeyuka, na nitrati zote vilevile. Hao waacheni majini. Inabaki shaba na kaboneti, na kaboneti nyingi haziyeyuki. Basi ni kaboneti ya shaba(II). Hiyo mbili msiiache, kwa sababu shaba ina chaji zaidi ya moja na jina lazima liseme ni ipi. Ukiyachunguza vizuri mashapo haya utakuta yamebeba na haidroksidi. Kanuni inakuonyesha njia, maabara inathibitisha.

Najua wengi mnakariri kanuni hizi kwa ajili ya mtihani tu, na inaniuma. Chukueni bariamu, ambayo ni metali. Mgonjwa anayepigwa eksirei ya tumbo hunyweshwa uji mweupe wa salfeti ya bariamu. Bariamu iliyoyeyuka ni sumu, huvuruga mapigo ya moyo. Lakini salfeti yake karibu haiyeyuki kabisa, hata ndani ya asidi ya tumbo, kwa hiyo hupita na kutoka kama ilivyoingia. Kaboneti ya bariamu nayo ni unga mweupe, nayo kwenye maji hutulia chini vilevile. Tumboni, asidi huiyeyusha. Imetumika kuulia panya. Ukiziweka pamoja mezani, macho hayatakusaidia. Zinatofautiana kwa neno moja kwenye lebo.

Haya, kila meza ina glasi mbili. Asimimine mtu kabla sijaona jina la mashapo kwenye daftari.