Goti Linalia, Nyonga Imelala

NABINTU: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Bukavu na wa mbali. Mwenzangu amechelewa leo. Nilimwona dirishani akishuka ngazi za hapa nje kwa ubavu, kama kaa.

FURAHA: Yaya Nabintu, usinicheke. Kupanda najikaza, kushuka ndiko kunanimaliza. Nikitoka Kadutu kwa miguu, nikifika Nyawera goti linawaka hapa mbele. Jioni nikikaa kusahihisha madaftari, nikitaka kuinuka linakataa kunyooka.

NABINTU: Hapa mbele wapi? Nionyeshe.

FURAHA: Hapa... na hapa. Kuzunguka pia ya goti yote, hiki kifupa cha mbele.

NABINTU: Wasikilizaji hawaoni, lakini amefunika goti kwa kiganja kizima. Wengi wanafanya hivyo hivyo, kidole kimoja hakitoshi. Ngazi, kuchuchumaa, kukaa muda mrefu goti limekunjwa: mama akinitajia hayo matatu, mimi kine, mtabibu wa viungo, naanza kufikiria pia ya goti kabla ya kuuliza picha ya eksirei.

FURAHA: Picha nilipiga! Ikatoka safi, na bado mahali pale wakaniambia ni artrozi, yaani goti limelika, nizoee. Miaka 31, yaya. Nililia juu ya pikipiki njia nzima, motari akadhani nimefiwa.

NABINTU: Pole, mdogo wangu. Picha ya maumivu haya mara nyingi inatoka safi, kwa sababu si lazima kuwe na kitu kilichovunjika au kulika. Pia ya goti ni kifupa kilichoshikwa ndani ya ukano wa misuli ya mbele ya paja, kinateleza kwenye mfereji wa fupa la paja. Ukikunja goti huku limebeba uzito, misuli inakibana kwenye ule mfereji. Njia tambarare inakibana kidogo tu. Kwenye ngazi nguvu inafika kama mara 3 ya uzito wa mwili wako. Kuchuchumaa hadi chini kabisa, mara 7 hivi.

FURAHA: Na bido ya maji mgongoni?

NABINTU: Hesabu hiyo fanya mwenyewe. Sasa fikiria mji wetu ulivyo. Huku tambarare ni ukanda mdogo kando ya ziwa, kwingine ni kupanda na kushuka. Na kushuka ndiko kubaya, kwa sababu misuli ya paja inafanya kazi ya breki: inarefuka huku inashikilia mwili wote juu ya mguu mmoja.

FURAHA: Mbona kaka zangu wanashuka njia hiyo hiyo wakikimbia?

NABINTU: Wanaume pia wanapata, ila wanawake tunapata karibu mara mbili yao. Zamani walisema ni upana wa nyonga zetu, pembe ya mfupa. Maelezo matamu, lakini vipimo havikuyathibitisha vizuri, na mimi siyapendi, maana mama anatoka akiamini ameumbwa vibaya. Ninachokiona zaidi ni udhaifu wa misuli ya tako, ile ya nyuma na ya pembeni. Ikichoka, paja linazunguka kuelekea ndani, goti linaingia kumtafuta mwenzake, na ule mfereji unahama chini ya pia.

FURAHA: Yaani goti linalia kwa ajili ya tako?

NABINTU: Kwa wengi, sehemu ya kilio iko pale. Lakini angalia, udhaifu huo unaweza kuwa umekuja baada ya maumivu, kwa sababu mguu unaouma unautumia kidogo. Vyovyote iwavyo, kuuimarisha kunasaidia. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada na Marekani walichapisha matokeo ya watu 199, wengi wao wanawake. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nyonga na kiuno, jingine ya goti, wiki 6. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Ila wale wa nyonga maumivu yalianza kupungua kama wiki moja mapema.

FURAHA: Kwa hiyo nyonga kwanza.

NABINTU: Goti likiwa kali, ndiyo, kisha unaongeza ya goti. Mwongozo wa matabibu wa viungo wa Marekani wa 2019 unasema uchanganye yote mawili. Na zile mashine za kupitisha juu ya goti, za mawimbi na umeme, mwongozo huo unasema zisitumike kwa ugonjwa huu. Nalitaja kwa sababu akina mama wanauza mbuzi kulipia vikao vya mashine.

FURAHA: Nifundishe basi, tena ya chumbani. Mama mkwe akinikuta nimelala chini mguu juu ataita wachungaji.

NABINTU: Funga mlango. Lala ubavu juu ya mkeka, mgongo na kisigino viguse ukuta. Mguu wa chini ukunje, wa juu unyooshe. Inua wa juu polepole ukiburuza kisigino ukutani, vidole visitazame dari. Ukisikia kazi mbele ya nyonga, unaiba. Inatakiwa kuungua nyuma, pale mfuko wa suruali unapokaa. Mara 10 hadi 12, pumzika, rudia mpaka mizunguko 3. Ukiona rahisi, kata mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, funga mapajani juu kidogo ya magoti.

FURAHA: Na kikwembe?

NABINTU: Vaa suruali, Furaha! Halafu lala chali, kunja magoti, inua kiuno. Siku 3 kwa wiki, si kila siku. Misuli inahitaji siku ya kujijenga.

FURAHA: Likiniuma katikati?

NABINTU: Kwenye kipimo cha 0 hadi 10, ukibaki 2 au 3, endelea. Asubuhi yake liwe limerudi kama lilivyokuwa. Likiamka kali zaidi, ulizidisha: punguza, usiache. Watu wanasikia maumivu wanakaa miezi miwili kitandani na diklofenaki, dawa ya maumivu, misuli inanyauka, wakirudi kwenye mteremko goti ni lile lile na paja limekuwa jembamba. Wewe pumzika tu na kile kinachozidisha. Mwezi huu panda pikipiki wakati wa kushuka, panda mlima kwa miguu. Usichuchumae kufua, tafuta kiti kifupi. Na kusahihisha madaftari, kila nusu saa nyoosha mguu.

FURAHA: Mwezi mmoja nitakuwa nimepona?

NABINTU: Sikudanganyi. Wiki 6 hadi 12 ndiyo ninayowaambia wagonjwa wangu, na wengine inawachukua zaidi. Plasta ya kuvuta pia ya goti pembeni inaweza kukupunguzia maumivu wiki za mwanzo, ili mazoezi yawezekane. Peke yake haitoshi.

Ila goti likivimba, likijifunga katikati ya njia, likiuma usiku ukiwa umelala, au likiwa na joto na homa, au umeanguka na huwezi kukanyaga, hapo acha mkeka, nenda hospitali.

FURAHA: Langu halivimbi.

NABINTU: Basi niletee lile tofali linaloshikilia mlango. Panda kwa mguu mmoja, huo unaouma. Shika kiti. Mwingine ushushe mbele taratibu, kisigino kiguse sakafu tu, rudi juu. Tazama goti... unaona linavyokimbilia ndani?

FURAHA: Aa! Sikujua.

NABINTU: Libaki juu ya kidole cha pili cha mguu. Usiharakishe, hesabu tatu ukishuka. Maumivu?

FURAHA: Mbili. Labda mbili na nusu. Lakini tako linatetemeka, yaya.

NABINTU: Aksanti Mungu, limeamka. Tena.

FURAHA: Mlango unajifunga!

NABINTU: Uache ujifunge. Hiyo ni mara ya nne, bado sita.