Muziki Ulifika Kabla ya Wakazi: Merriweather na Mji wa Columbia

REHEMA: Karibuni barazani, wapenzi wasikilizaji. Leo tuko Columbia, Maryland, kati ya Baltimore na Washington. Kaka Salim ameng'ang'ania tuuzungumzie Merriweather, uwanja wa matamasha ya muziki.

SALIM: Kwa wivu, dada! Kwetu mtaa hujaa kwanza, ndipo mtu atafute pa kuweka spika. Columbia walianza kinyume. James Rouse, mjenzi wa miji, alinunua mashamba ya Kaunti ya Howard kimyakimya, kupitia kampuni zilizoficha jina lake, hadi akafikisha kama ekari 14,000. Mji ukazinduliwa 1967, na Julai mwaka huohuo Merriweather Post Pavilion ikafunguliwa msituni.

REHEMA: Majirani ni miti.

SALIM: Miti na wakazi wa kuhesabika. Mchoraji wa jengo ni Frank Gehry, kabla dunia haijamjua. Viti vina paa, pembeni wazi, nyuma mteremko wa nyasi wa kutandika mkeka. Ilikusudiwa iwe makao ya kiangazi ya Okestra ya Taifa ya Washington.

REHEMA: Na usiku wa ufunguzi mvua ikawashukia, Makamu wa Rais Hubert Humphrey akiwamo.

SALIM: Okestra haikudumu pale. Roki ikachukua nafasi. Mei 1969, Led Zeppelin na The Who walipiga usiku mmoja, jukwaa lilelile. Ukijaa, uwanja unabeba karibu watu 20,000.

REHEMA: Sasa tufike kwenye ardhi, maana ugomvi wenyewe uko huko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wenye mali walifikiria kuugeuza uwe ukumbi mdogo wa ndani. Wakazi wakaja juu, wakaanzisha kampeni ya kuuokoa.

SALIM: Hesabu ya mwenye ardhi naielewa, ingawa siipendi. Uwanja wa wazi unafanya kazi miezi ya joto tu, kisha umelala. Na uko katikati kabisa ya mji!

REHEMA: Kwa hiyo mpango wa 2010 ndio ulionishangaza. Kaunti iliruhusu hadi nyumba 5,500 katikati ya mji, pamoja na ofisi na maduka, lakini kwa sharti: uwanja ukarabatiwe, kisha ukabidhiwe tume ya sanaa isiyotafuta faida. Ukakabidhiwa 2016.

SALIM: Hapo walicheza vizuri. Anayetaka kujenga maghorofa alipie kwanza kile kilichoupa mji sifa.

REHEMA: Ukarabati nao haukwenda hivihivi. Januari 2018, paa likiwa linanyanyuliwa, lilianguka usiku. Bahati hakuumia mtu, na msimu huohuo muziki ukaendelea.

SALIM: Mimi kinachonitia wasiwasi ni majirani wapya. Zamani pale pembeni palikuwa miti na maegesho. Leo ni mtaa mzima wa fleti, mikahawa na ofisi, na umepewa jina la Merriweather. Jina la uwanja linauza nyumba, halafu mpangaji alalamike besi inatikisa dirisha?

REHEMA: Ana haki ya kulala, kaka. Ana mtoto mchanga, kesho kazini.

SALIM: Alihamia akijua!

REHEMA: Anayepanga huja kuangalia nyumba Jumanne saa nne asubuhi, kimya kimetanda. Nairobi mwaka 2022 kaunti ilizuia vilabu vya usiku kwenye mitaa ya makazi. Lakini kule wengi walikuwa wakiishi pale kabla kilabu hakijafunguliwa. Aliyetangulia ana uzito wake.

SALIM: Basi umeniunga mkono. Columbia aliyetangulia ni jukwaa.

REHEMA: Kwa hilo, ndiyo. Ila kutangulia si ruhusa ya kupiga mpaka alfajiri. Kuwe na saa ya kuzima, na dalali aseme wazi kabla mtu hajatia saini. Halafu kuna magari. Watazamaji wamezoea kuegesha kwenye viwanja vya ofisi na maduka ya jirani. Kila kiwanja kikijengwa ghorofa, hao 20,000 wataegesha wapi?

SALIM: Maegesho ya ghorofa yapo. Ofisi mchana, tamasha usiku.

REHEMA: Na kutoka? Onyesho likiisha wote wanawasha injini kwa pamoja. Columbia ilijengwa kwa ajili ya gari, na haina kituo cha treni.

SALIM: Hapo sina jibu, dada. Labda mabasi ya usiku.

REHEMA: Msikilizaji uliye Maryland, tutumie ujumbe wa sauti: ulitumia muda gani kutoka maegeshoni?